Kanda ya Fundichuma

Onesmus ni mtoto wa shangazi yangu, na haya amenieleza mwenyewe zaidi ya mara moja, bila kubadilisha neno. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anyamaze. Sina haja ya kumdanganya mtu.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha na kuacha barabara zimechimbika, na nyasi zimeota hata mahali ambapo hazikuwahi kuota. Onesmus aliamka amechoka. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Ulianza tangu mama yao alipolala kitandani, ukaendelea miezi yote ya kumgeuza, kumwosha, kumbembeleza anywe uji, na alipofariki mvua zilipokuwa zikielekea ukingoni, uchovu haukwenda naye. Ulibaki nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Nyumba yao iko chini ya Kilimambogo, upande unaotazama Kangundo. Walikuwa ndugu wawili tu waliobaki, Onesmus na mdogo wake Musili, na kazi yao ilikuwa kuwatembeza wageni katika msitu wa mlimani kuangalia ndege na wanyama. Onesmus hakuwa na mke. Alikula kwa Musili, ambaye mkewe ni Ndunge.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Msitu ule ni mzito. Unaweza kusimama chini ya mti uliojaa ndege usimwone hata mmoja. Kwa hivyo walikuwa na redio kaseti, na ndani yake kanda ya sauti za ndege waliyojirekodia wenyewe. Ukimtaka ndege fulani, unaicheza sauti yake. Dume akiisikia, anadhani mwenzake amemwingilia kwake, anakuja mbio kumfukuza, na hapo mgeni anainua darubini. Asipojitokeza vizuri, unarudi nyuma hatua chache, unacheza tena. Unarudi nyuma, unacheza. Hivyo hivyo mpaka umtoe kichakani na kumleta penye mwanga. Lakini hupaswi kurudia rudia. Ndege anayeitwa ovyo huacha kiota akihangaika na adui ambaye hayupo, na mayai yanapoa. Hapo Onesmus alikuwa mkali. Mgeni akimwambia cheza tena, anamjibu, "Hapana, huyu ana watoto," na mgeni akinuna, anune.

Kanda ile ilikuwa na kasoro moja. Musili alipoileta redio nyumbani mara ya kwanza, aliijaribu uani, ikamnasa mama yao akiita kutoka jikoni, "Musili, uka uye!" Yaani, njoo ule. Walicheka sana siku ile, na mama ndiye aliyecheka zaidi. Baadaye wakarekodi ndege juu yake. Lakini baada ya sauti ya fundichuma, yule ndege wa kijani mwenye kifua chekundu, kilibaki kipande ambacho hakikufutika. Unasikia kitufe, tk, kisha mama, "Musili, uka u—", kisha ndege mwingine anamkata.

Mama alipokufa, Onesmus alisema kipande hicho kifutwe. Musili alikataa.

Asubuhi hiyo Ndunge alimmiminia shemeji yake chai, akaketi karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu mtu wako anapanda mlimani hata siku ambazo hakuna mgeni."

"Anaenda kufanya nini?"

"Mimi ninajua? Ninachoona ni betri zinaisha. Na akirudi, chakula anakigusa gusa tu."

"Nitamuuliza."

"Usimuulize kwa ukali. Unajua vile wewe huuliza."

Onesmus aliipuliza chai. Alijua vile yeye huuliza.

Nje pikapu ilipiga honi. Ilikuwa ya Abdishakur, mzee Msomali anayeuza mbuzi na ng'ombe kule Athi River. Huyu alikuwa mgeni wao wa mara kwa mara. Ujana wake wote aliumaliza akifuata mifugo porini, na alipopata duka na tumbo, akajikuta anawakosa ndege. Akanunua darubini nzito, akaivaa shingoni kama kengele ya fahali.

"Warya, Onesmus! Mbona una sura ya mtu amelala ndani ya posho mill?"

"Nimelala vizuri, mzee."

"Uongo. Nyinyi Wakamba mnaanza kudanganya kabla ya chai."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunangoja mpaka tufike sokoni." Abdishakur alicheka mpaka akakohoa. "Leo nataka fundichuma. Mbega nimewaona mpaka wananijua jina. Leo, fundichuma ama nirudi na mafuta yangu."

"Utamwona," alisema Musili kutoka nyuma. Alikuwa amebeba redio kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba mtoto.

Walipanda kwa pikapu. Kilichokuwa bonde kikawa ukungu, na ukungu ukawa mzito kiasi kwamba Abdishakur aliwasha taa ingawa jua lilikuwa limeshatoka mahali fulani. Miti ya kule juu imeota ndevu za kijivu. Maji hudondoka kutoka kwenye majani hata kama mvua haijanyesha. Walipofika kwenye kona yenye uwazi kidogo waliiacha gari kando ya barabara, wakatembea taratibu, kwenda na kurudi karibu nayo, bila kuiacha barabara, kwa sababu ya mbogo.

Ilikuwa asubuhi nzuri ya kazi. Pongo jike alivuka mbele yao, akageuza masikio, akaingia kichakani bila haraka. Familia ya mbega ilikuwa imekaa juu ya mti mkubwa, mikia myeupe ikining'inia. Kulukulu alipita na kuwaonyesha wekundu wa mabawa mara moja tu. Abdishakur alikuwa anahema kwa raha. Onesmus alikuwa anatembea huku macho yanajifumba. Alitaka siku iishe tu, arudi, avue viatu.

Kisha fundichuma akalia. Sauti nzito, ya taratibu, inayorudiwa, kutoka bondeni.

"Huyo!" Abdishakur alimshika mkono. "Huyo, huyo, huyo."

"Mchezee," Onesmus alimwambia Musili.

Musili alibonyeza. Fundichuma wa kwenye kanda aliita. Fundichuma wa msituni akajibu, karibu zaidi. Kanda ikaita, msitu ukajibu. Onesmus aliona tawi likitikisika, akaona mgongo wa kijani kibichi na kifua chekundu kama damu iliyomwagika jana. Abdishakur aliinua darubini.

Musili hakuzima. Kanda ikaendelea kuzunguka.

Tk. "Musili, uka u—"

Ndege akaruka, akapotea.

"Musili!" Onesmus alimgeukia. "Si tulisema unazima mapema? Na si nilikuambia ufute hicho kitu?"

"Sifuti."

"Utafuta leo."

"Nimesema sifuti. Wewe ulishamzika, mimi bado."

Abdishakur aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Huyo ni nani anaita?"

"Ni mama yetu," alisema Musili.

"Yule aliyekufa wakati wa mvua?"

"Ndiyo."

Mzee aliishusha darubini. Hakuwa anacheka tena. "Na umecheza hiyo sauti hapa mara ngapi?"

Musili aliikumbatia redio. Alikuwa anauangalia msitu.

"Kijana, nakuuliza wewe. Ndege unamchezea sauti ya mwenzake, na anakuja. Sasa hiyo unamchezea nani?"

"Mzee, tuachane na hayo," alisema Onesmus. Alikuwa anaanza kukasirika, na hasira ilikuwa inamchosha zaidi. "Hakuna kitu. Ni kanda. Musili, zima, twende juu."

Musili alizima. Wote watatu walisikia kitufe.

Kisha fundichuma akalia bondeni. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Kisha, kutoka hapo hapo bondeni, tk.

"Musili, uka u—"

Hakuna aliyesogea. Redio ilikuwa imezimwa, iko mikononi mwa Musili. Onesmus aliitazama, akaona kanda ndani ya kidirisha chake imetulia, haizunguki.

"Ni kurumbiza," alisema haraka. "Yule ndege anaiga. Mzee, si unamjua kurumbiza? Anaiga filimbi, anaiga hata mlango. Amesikia kanda siku nyingi, ameishika."

"Namjua," alisema Abdishakur polepole. "Mmoja aliwahi kuiga mluzi wangu wa mbuzi."

"Basi ndiye huyo."

"Ndiye huyo," mzee alikubali. Lakini alirudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa gari.

Sauti ikarudi. Ilikuwa ya mama, na ilikuwa ya kanda. Ilivutika mwishoni kama betri inapokaribia kufa. Ilikatika palepale ilipokatika kwenye kanda. Na haikutoka mtini, ambapo ndege hukaa. Ilitoka chini, kwenye urefu wa kifua cha mtu aliyesimama.

"Ni mwaitu," Musili alinong'ona, yaani, mama.

"Si mwaitu! Musili, toka hapo! Mjinga wewe, unataka kunimaliza?"

Msitu ulinyamaza. Wale mbega waliacha kula. Maji tu yakawa yanadondoka.

Kisha mama yao, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, akasema, "Musili. Toka hapo. Mjinga wewe. Unataka. Kunimaliza."

Mama hakuwahi kumtukana mtoto wake. Mama hakujua hata Kiswahili cha kutosha kusema hivyo.

Abdishakur alianza kusoma dua chini chini, midomo tu ndiyo iliyosonga. Onesmus aliunyoosha mkono kumshika mdogo wake shati. Alishika ukungu. Musili alikuwa ameshavuka mtaro wa barabara. Aliingia kichakani na redio yake kifuani, na majani yakajifunga nyuma yake, na hayakutikisika tena.

"Usiende," alinong'ona Abdishakur. "Onesmus. Usiende."

"Niko na ndugu mmoja tu, mzee."

"Basi nitapiga honi. Sitaacha kupiga. Ukipotea, rudi kwa honi. Ukiitwa na kitu kingine, hata kiwe sauti yangu, usiende. Mimi sitakuita kwa mdomo. Umesikia?"

Onesmus aliingia.

Ndani kulikuwa na giza la mchana. Alisikia honi nyuma yake, ndefu, kisha fupi, kisha ndefu. Alitafuta nyayo za Musili kwenye matope akaziona, kisha zikaisha juu ya mizizi. Alitaka kuita. Akajizuia. Kila neno ambalo angelitoa lingechukuliwa.

"Musili, uka u—"

Mbele, upande wa kushoto. Akaelekea huko. Popote ilipo sauti ndipo alipo Musili, ndivyo alivyofikiri. Alipofika hapakuwa na mtu. Majani yalikuwa yamelala, kama kitu kilikaa hapo muda mrefu.

"Musili, uka u—"

Mbele tena. Mbali kidogo kuliko mwanzo. Akaenda. Miguu ilikuwa mizito. Hapakuwa na mtu.

Mbele tena. Mbali kidogo.

Hapo ndipo aliposimama. Mwendo ule aliujua. Ulikuwa wake. Unaita. Unarudi nyuma. Unaita tena. Unarudi nyuma. Na huko mbele, kati ya miti, aliona mahali ambapo ukungu ulikuwa mwepesi, peupe, pazuri.

Penye mwanga.

Alikuwa anatolewa kichakani.

Aliinua macho. Mbega walikuwa juu yake, wengi, wamekaa kimya kama watu kwenye viti vya kanisa. Hawakukimbia. Hawakumwangalia yeye. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, wakiangalia kitu kilichokuwa nyuma yake kidogo.

Hakugeuka. Mpaka leo anasema hilo ndilo jambo la pekee alilolifanya vizuri siku ile.

"Onesmus," alisema mama, karibu sana. Jina lake halikuwa kwenye kanda. "Onesmus. Uka u—"

Na njaa ikamshika. Njaa ambayo hakuwahi kuijua. Mate yakamjaa mdomoni. Machozi yakamtoka kwa njaa. Alinusa moshi wa kuni, alinusa muthokoi wa mahindi ya kukobolewa, uliotokoswa mpaka ukalainika, wenye maharagwe na samli. Alitaka kuketi chini na kunyoosha miguu kama mtoto. Alikuwa amechoka. Mungu ndiye anayejua alivyokuwa amechoka. Angelishwa, angelala, na mtu mwingine angeamka asubuhi kwa niaba yake.

Honi. Ndefu, fupi, ndefu.

Alijiuma ulimi mpaka damu ikatoka, akageukia ule upande ambao sauti haikuwahi kutokea. Kulikuwa na miiba. Akapita ndani yake. Sauti ikamwita nyuma, mara mbili kwa haraka, na mara ya pili haikukumbuka kukatika. "Uye," ilisema. "Uye. Uye. Uye."

Musili alikuwa pale, nyuma ya miiba, hatua chache tu kutoka barabarani. Alikuwa ameketi chini ya mti, miguu ameinyoosha mbele, mikono mitupu magotini. Redio haikuwepo. Macho ameyafumba. Alikuwa anatafuna.

Midomo yake iling'aa kwa mafuta.

Onesmus alimshika taya, akampanua mdomo kwa vidole, kama mtu anavyomfanyia ng'ombe. Ndani hamkuwa na kitu. Meno safi, ulimi safi. Akamwachia. Musili akaendelea kutafuna.

"Amka. Twende."

"Ngoja nimalize."

Akamkokota. Musili alikuwa mwembamba, tangu matanga alikuwa amekauka. Lakini siku ile alikuwa mzito. Alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa.

Abdishakur aliruka kutoka kwenye usukani. Aliwasukuma garini, akashuka mlima na honi yake bado inalia, na hakuiachia mpaka walipofika kwenye maduka ambapo watu walisimama na kuwashangaa. Hapo ndipo alipozima injini, akapangusa uso kwa kitambaa.

"Nimekaa porini miaka mingi," alisema. "Simba nimelala karibu naye. Fisi ameninusa mguu. Lakini hicho, Onesmus, hicho si mnyama na si maiti. Mama yenu amelala zake, mwacheni. Hicho kilikuwa kinasikiliza tu. Nyinyi ndio mmekifundisha kuita."

Hakurudi tena. Mwaka mzima alituma salamu tu, kwa watu wanaopita.

Jioni ile Ndunge alipakua ugali na mboga. Musili aliiangalia sahani kwa upole, akaisogeza. "Nimeshiba," alisema.

Kesho yake asubuhi akasema hivyo hivyo. Na keshokutwa. Ndunge alipika chapati, ambazo Musili hupenda hata kwa wizi. Nimeshiba. Alimchinjia jogoo. Nimeshiba, Ndunge, kuleni nyinyi. Katekista alikuja akaomba mpaka sauti ikamkauka. Walimpeleka hospitalini, daktari akampima akasema huyu mtu hana ugonjwa, mnamsumbua bure. Na kweli hakukonda. Aliongezeka. Mashavu yakamjaa, shati likambana mgongoni. Miezi ikapita na mdomo wa mtu yule haukuona hata maji nyumbani kwake, na akawa anang'aa kama bwana harusi.

"Unakula wapi?" Onesmus alimuuliza siku moja, na akajitahidi asiulize kwa ukali. "Musili, niambie mimi. Nani anakulisha?"

Musili alimtazama kwa huruma. "Wewe umechoka sana, Onesmus. Ungepumzika."

Kazi ya mlima iliisha hapo. Onesmus alikwenda Athi River, akapata kibarua cha kupakia mifuko kwenye kiwanda. Vumbi lilimwingia mpaka kwenye kope. Kila mwisho wa mwezi alituma kitu nyumbani, na kila mara alituma swali lile lile, amekula? Na Ndunge alijibu kwa mdomo wa mtu yule yule aliyeleta pesa: hajala.

Kabla ya Krismasi ya mwaka uliofuata jibu likabadilika. Ndunge alimwambia mjumbe, mwambie shemeji aje, nimejua chakula kinaletwa namna gani.

Alifika mchana, mabega yanamuuma. Ndunge alimvuta nyuma ya nyumba, akamwonyesha rundo la majani makavu aliyoyaficha chini ya debe. Yalikuwa majani mapana, ya mti wa kule juu, yaliyokunjwa kama wanawake wanavyokunja wanapompelekea mtu chakula shambani.

"Kila asubuhi moja," alinong'ona. "Hapo mlangoni. Nikilishika, bado lina joto. Tupu. Na yeye utamkuta amelala tu kitandani, hajaamka, miguu mikavu, haina umande."

"Unayachoma?"

"Yanakataa moto."

Onesmus alisema leo itajulikana. Alichukua mkeka, akautandika mlangoni kwa ndani, akaweka mgongo wake kwenye mlango wenyewe. Chochote kinachotaka kumlisha ndugu yake kingepitia kwake. Alikataa chakula cha jioni ili asije akalala. Alikaa macho wazi, panga magotini, akisikia Musili akipumua taratibu chumbani.

Lakini mtu ambaye amebeba mifuko mwaka mzima si mlinzi. Onesmus anasema hakumbuki hata kufumba macho.

Aliamshwa na jua. Panga lilikuwa magotini. Mlango ulikuwa umefungwa nyuma yake, komeo liko mahali pake. Mwili wake ulikuwa mwepesi, hauumi popote. Hakuwahi kulala hivyo tangu mama yao augue.

Ndunge alimletea chai na viazi vitamu. "Kula, shemeji. Jana hukula kitu."

Alikishika kiazi, akakipeleka mdomoni. Kikasimama hapo. Akajaribu tena. Akakirudisha kwenye sahani polepole, akajipapasa tumbo chini ya shati, na mkono wake ukatulia hapo.

"Shemeji? Ni nini?"

Alikitazama kiazi. Neno lilikuwa moja tu, na hakutaka lisikike kwa sauti yake.

Ndunge alimwangalia. Kisha akauangalia mlango. Akachukua ufagio, labda ili mikono yake iwe na kitu cha kushika, akaondoa komeo, akafungua. Alisimama kizingitini bila kufagia. Kutoka chumbani Musili alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefurahi kupata mwenzake.

"Njoo uone," alinong'ona Ndunge.

Onesmus alisimama, akaenda. Kwenye ngazi, yakiwa yamepangwa kando kando, yalikuwepo majani mawili. Yote yamefunguliwa. Yote bado yanatoa mvuke.

Yote mawili yalikuwa matupu, yamelambwa mpaka yakang'aa.